Wakia Ishirini za Sufu ya Kijivu

Enid Ormerod hakuwa mtu wa kuogopa mambo mapya. Serikali ilipobadilisha pesa na peni za zamani zikafutwa, yeye hakupoteza hata usiku mmoja wa usingizi. Wateja walisimama dukani kwake, mjini Barrowclough, Lancashire, wakitazama sarafu mpya viganjani kama waliookota vifungo, wakamuuliza bei hiyo ni kiasi gani kwa pesa za kweli. Aliwatafsiria mmoja mmoja mpaka wakazoea. Wapo ambao hawakuzoea kabisa. Hao nao aliendelea kuwatafsiria.

Ndiyo maana kosa lake lililojitokeza vuli ya mwaka 1975, miaka minne baadaye, lilimuuma sana. Lilikuwa kosa la mtu aliyejiona ameshavuka mabadiliko hayo.

Duka lake liliuza sufu ya kufumia. Mteja hakulazimika kulipia yote kwa mkupuo: alichagua rangi, Enid akamwekea kando madonge yote yaliyotiwa rangi siku moja, kisha mteja akayachukua kidogo kidogo kila wiki kadiri mfuko wake ulivyoruhusu. Kijivu cha leo si kijivu cha jana. Ukivichanganya, sweta litatoa mstari ambao hata mwenye macho mabovu atauona. Kuwekewa kando kulikuwa ahadi.

Clarice Pickup aliwekewa madonge ishirini ya kijivu. Sweta la mumewe, Wilf, lilikula wakia ishirini sikuzote, na donge moja lilikuwa wakia moja, yaani gramu ishirini na nane hivi. Enid hakuona la kuumiza kichwa. Lakini kiwanda kilikuwa kimehamia kwenye gramu. Donge jipya la gramu ishirini na tano lilionekana sawasawa na la zamani, ila lilipungua kidogo. Hicho kidogo, ukikijumlisha mara ishirini, kilikuwa karibu mkono mzima wa sweta.

Wilf ndiye aliyeleta habari. Aliingia, akavua kofia, akasema mkewe yuko kwenye mkono wa pili wa sweta na sufu imekwisha, je, kuna nyingine? Haikuwepo. Kijivu kile kilikwisha tangu Agosti.

Kama angekuwa mteja mwingine, Enid angeomba radhi na kumpunguzia bei. Lakini mapafu ya Clarice yalikuwa yameliwa na vumbi la pamba, na daktari alikuwa ameacha kuzungumza habari za mwaka ujao. Clarice alikuwa na neno moja tu kwa kila aliyekuja kumjulia hali: nataka kumaliza sweta la Wilf. Hakuna aliyethubutu kumuuliza atafanya nini baada ya hapo. Enid alifunga duka kabla ya wakati, akafuatana na Wilf.

Kitanda cha Clarice kilikuwa kimeshushwa kutoka ghorofani, kikawekwa karibu na moto. Clarice hakuwa na pumzi ya maneno mengi, ila hakuihitaji. Wanawake wa viwanda vya pamba huzoea kusemezana kwa midomo tu, maana kelele za mashine humeza kila sauti, na kabla ya Enid kuwa na duka, yeye na Clarice walifuma nguo huko bega kwa bega tangu usichana wao. Wilf alikuwa muuza makaa ya mawe. Lugha hiyo hakuijua. Alikuwa akisema kwamba miaka arobaini anasengenywa mbele ya uso wake.

"Nilihesabu madonge, sikupima," alisema Enid. "Kosa ni langu."

"Mimi nimeyashika yote moja moja," Clarice alijibu kwa midomo. "Mkono wangu ulikuwa wapi?"

Enid alipendekeza wapunguze mahali, labda urefu. Kwanza ampime mwenye mwili. Wilf akasimama, akainua mikono, akauliza kama ni sanduku la kuzikiwa ndilo analopimiwa.

"Sanduku halikufai," Enid alimwambia. "Huko hakuna wa kuongea naye."

Alizungusha utepe wa kupimia kifuani, akasoma: tisini na saba.

Clarice alicheka mpaka akakohoa. Kumbe aliolewa na pipa? Enid akageuza utepe kutoka upande wa sentimita hadi wa inchi. Thelathini na nane.

Kicheko kikakoma. Clarice alimfumia mumewe masweta ya inchi arobaini na mbili tangu walipokuwa vijana, kwa kumbukumbu, bila kumpima. Sasa aliutazama mgongo wake: kanda za suruali zilizopita mabegani, na shati lililolegea katikati yake.

"Amekonda," midomo ilisema.

"Ndiyo."

"Anakula?"

"Anakupikia wewe. Chake sijakiona."

Wilf aliuliza, bado mikono iko juu, kama aishushe au bado hawajamaliza kumsengenya.

Clarice aliomba sweta. Akatafuta ncha ya uzi, akaivuta, na mkono ambao haujakwisha ukaanza kufumuka. Enid alimshika kiganja. Alimkumbusha kwamba kazi ile aliianza wakati wa masika, na kwamba kulipunguza urefu kungechukua wiki moja tu. Clarice alikusanya pumzi, akasema kwa sauti, ili Wilf naye asikie:

"Sitamwachia sweta la mtu mwingine."

Tatizo lililobaki lilikuwa muda, na Enid ndiye aliyetoa njia: wafume wawili. Kwa mfumaji hilo si jambo dogo. Kila mfumaji hukaza uzi kwa namna yake, na Clarice hakuwahi kuruhusu mwingine aguse kazi yake. Alifikiri sana. Mwishowe akasema mgongo ni wa Enid, mbele na mikono ni yake. Kisha akatoa sharti lililomhusu Wilf: kuanzia leo sahani yake ailete hapa kitandani, ale akitazamwa.

Wakafumua mpaka jioni, Wilf akiwa amenyoosha mikono huku uzi ukizungushwa juu yake. Baadaye alileta sahani mbili, viazi na nyama, akala chini ya ulinzi.

Sweta liliunganishwa wiki moja kabla ya Krismasi, na sufu ikabaki. Mgongo ulikaza kuliko mbele. Aliyejua kufuma aliliona hilo. Wilf, mashavu yakiwa yameanza kujaa, akalivaa, akainamisha kidevu kifuani kutazama, akajaribu kuinua mikono. Likagoma kwenye kwapa.

"Linambana," Clarice alisema kwa sauti, akamwambia ageuke tena, polepole, alione vizuri.