Mchele wa Kiapo

Mwaka jana kilo ya sukari ya mgawo ilipotea jikoni kwa mama mwenye nyumba wetu, hapa Kariakoo. Sukari siku hizi ni dhahabu, ila dhahabu huwezi kunywea chai. Mama akatangaza kiapo: wapangaji wote uani, kila mtu atafune punje za mchele mkavu uliosomewa dua. Ukiutema umelowa, wewe safi. Ukitoka mkavu, wewe ndiye mwizi, na chumba unahama leo leo.

Mimi nilikuwa salama; sukari ilipopotea nilikuwa shule, nimepigishwa magoti nje ya darasa. Niliyemhofia ni jirani yetu wa chumba cha mwisho, kijana aliyetoka Newala, msaidizi wa fundi kwenye karakana mtaa wa Gerezani. Siku ile alishinda kazini, nyumba nzima inajua. Lakini huyu hata kumwamkia mama mwenye nyumba hutoka jasho, na mchele haujui nani alikuwa kazini.

Mwalimu wa baiolojia alishatuambia: ukiogopa, mwili hauulizi kama una kosa. Vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo vinamwaga homoni kwenye damu, moyo unatimua mbio, viganja vinalowa, tumbo linagoma kazi, mate yanakauka.

Zamu yake ikafika. Akatafuna kama anasaga kokoto. Koo linapanda, linashuka, bure.

Nikapaza sauti. "Jamani, huko sokoni leo kuna embe bichi. Zimechanjwa, zimepakwa chumvi na pilipili. Ule uchachu ukigusa pembeni mwa ulimi…"

"We mtoto, nyamaza," mama mwenye nyumba akasema, akameza mate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyamaza."

"Na ukwaju pia upo."

Uani kote watu wakaanza kumeza. Mpangaji mmoja mjamzito akauliza, "Wanauza wapi hasa?" Jirani yetu akacheka kwa pua, akatema sahanini. Chepechepe.

Waliomfuata wote wakatema maji matupu, na mwizi naye, kama alikuwemo. Mama akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Mwizi ni mtu wa nje," akaamua. "Kila mtu arudi chumbani kwake."

"Twende sokoni," jirani akaniambia. "Hilo embe nalitaka."

Wala sikuwa nimepita sokoni. Tukaenda. Njia nzima alikuwa akifutia viganja kwenye suruali, huku anapiga mluzi.