Flash ya harusi ya Butiama ilivyomwagiwa maji ya baraka, na bado ikaniokoa

Wakuu, mko salama? Ninachoandika hapa ndicho kilichotokea, chumvi sijaongeza. Kama kuna mtu wa Butiama humu ndani na siku ile alikuwepo, aje anikosoe hadharani.

Mimi ni dada mpiga picha, nina kastudio kangu Bweri, Musoma. Harusi, kipaimara, mahafali, hata misiba naenda. Na nina ugonjwa mmoja tu mkubwa: backup.

Magesa, kijana tunayepiga naye kazi, huwaga ananicheka sana. "Dada, wewe picha unazitunza kuliko utakavyotunza mume."

Mume mwenyewe sina, kwa hiyo halikuniuma.

Utaratibu wangu nikiwa mbali na nyumbani uko hivi. Jioni picha zote zinaingia kwenye laptop, kisha kwenye external, ile diski ya nje, kisha kwenye flash. Ile flash sitembei nayo. Namwachia mtu mzima ninayemwamini pale pale tulipopigia. Begi likiibiwa linakwenda na kila kilichomo, sasa ukiweka kopi tatu kwenye begi moja umefanya nini?

Basi tukapata kazi ya harusi ya binti anaitwa Nyangeta. Ijumaa send-off Bunda, Jumamosi ndoa kanisani na sherehe nyumbani kwao Butiama, Jumapili kupokelewa ukweni Bukima, kwa kina Masatu, bwana harusi.

Sasa sikilizeni hili. Mama yake Nyangeta hakuwepo. Alikuwa amelazwa Mwanza, katoka kwenye operesheni, daktari kamkatalia kabisa kusafiri. Harusi ilishatangazwa, wageni wako njiani, yeye mwenyewe akasema msiahirishe.

Kabla ya kazi kuanza alinipigia simu. Sauti ya chini, ya mgonjwa. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye macho yangu. Usiniletee za kuchagua chagua, nataka zote."

Nilimuahidi. Maharusi walipanga kwenda kumuona Jumatatu, na picha zilizosafishwa wawe nazo mkononi.

Ijumaa ikaenda vizuri. Jumamosi ikaenda vizuri zaidi. Jumapili asubuhi, kabla ya kuondoka Butiama, nikafunga flash kwenye kipande cha nailoni nyeusi isiingie vumbi wala maji, nikaikaza na uzi. Uzi niliokuwa nao kwenye begi ulikuwa mwekundu.

Mshaanza kuelewa tunakoelekea.

Nikamfuata shangazi yake Nyangeta jikoni, mama mmoja mtulivu, nikamwambia, "Shangazi, nitunzie hii, usimpe mtu." Alikuwa na masufuria yake, hakuuliza ni nini, na mimi gari lilikuwa linanipigia honi. Akaipokea. Baadaye akaenda kuiweka mahali alipoona ni salama, chini ya godoro la Nyangeta.

Tukafika Bukima. Watu wamejaa, samaki wanakaangwa, ngoma iko juu. Kadi za kamera nilishazifuta ili nipate nafasi ya siku ile. Laptop na external nikaviacha kwenye meza ya DJ, vimeunganishwa pamoja, vinachaji kwenye jenereta.

Mchana jenereta likaanza kukohoa. Jamaa mmoja, fundi wa kujitolea, akalifuata akalikanyagia mafuta. Taa zikawaka kama jua, spika zikalia, halafu kimya. Meza ya DJ ikatoa moshi.

Laptop ilikufa. External nayo ilikufa, maana ilikuwa imechomekwa humo humo.

Magesa alikaa chini kwenye nyasi, akashika kichwa. Siku hiyo hakunicheka. Mimi nilikuwa namfikiria yule mama kitandani Mwanza.

Nikampigia shangazi. Simu ikapokelewa na baba mdogo wa Nyangeta, na sauti yake haikuwa ya harusi.

"Wewe ndiye uliyeacha kitu kwenye nyumba yetu?"

Nikamwambia ndiyo baba, ni mimi.

"Basi uje. Katekista yuko hapa."

Nikamwachia Magesa kamera, nikapanda bodaboda kutoka Bukima mpaka Butiama. Vumbi lote la njia ile nililila mimi. Njiani naomba Mungu wasiwe wameichoma.

Nafika, nakuta ukoo mzima umekaa uani. Katikati kuna kigoda, juu ya kigoda kuna kafurushi kangu keusi na uzi wake mwekundu, kamelowa maji ya baraka chapachapa. Mke wa baba mdogo alikuwa anatoa mashuka, akakakuta chini ya godoro la bibi harusi. Na mama wa bibi harusi yuko hospitali. Wakuu, hata ningekuwa mimi ningekimbia.

Baba mdogo alisema ni hirizi ya uchawi, alitaka kachomwe tangu mwanzo. Aliyekataa ni shangazi. Alikuwa amekaa karibu na kigoda, hasogei. "Nimekabidhiwa. Mwenyewe akija ndiye atajibu."

Nikapiga goti, nikawasalimia wazee, nikaomba ruhusa nifungue. Katekista akarudi nyuma hatua kadhaa, namuelewa. Nikakata uzi, nikafungua nailoni. Ndani pakavu kabisa. Ile nailoni iliyoniletea kesi ndiyo iliyozuia maji.

Nina kale kawaya ka kuchomeka flash kwenye simu. Nikachomeka. Ikasoma.

Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya baba mdogo, koti begani, anacheza kwenye send-off Bunda, jasho linamtoka.

Akainama kwenye simu, akasema, "Kumbe pepo mwenyewe ni mimi."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Katekista alicheka mpaka akakaa. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, wala sioni aibu kusema. Shangazi nilimkumbatia mpaka akaniambia nimuache apumue.

Za Ijumaa na Jumamosi zote zilikuwepo, na za Jumapili zilikuwa bado kwenye kamera. Jumatatu nikasafisha picha Musoma mjini kwa jamaa yangu, maharusi wakazipitia, wakaondoka nazo Mwanza.

Jioni Nyangeta akanipigia. Anasema mama alizitazama moja moja. Alipofika ile ya mzee wake anamwingiza binti kanisani, akaipapasa kwa kidole, akasema, "Tai imepinda. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniangalizia huyu mzee?"

Kisha akaomba ile abaki nayo kitandani.

Kwa hiyo wakuu, kopi mbili kwenye waya mmoja ni kopi moja. Iache nyingine kwa mtu asiyekubali kuyumbishwa, na umwambie ndani kuna nini. Uzi wangu siku hizi ni mweupe.

Haya, wewe unayesoma hapa, picha za mama yako ziko wapi ukiacha hiyo simu uliyoshika? Nijibuni, na wabishi mnakaribishwa.