Jumatano Nilizomwachia Mzee Wafula

Mwanangu, ipo Jumatano moja ambayo hunirudia kila nikiketi hapa Bungoma, na kuketi naketi sana. Nilikuwa kijana, karani wa stoo ya mbegu kule Kitale. Kila Jumatano saa tisa wafanyakazi walipimwa presha, kisha wakazunguka uwanja wa kuanikia mahindi kwa miguu. Mama wa chai alienda kwa ajili ya sukari yake. Vijana walienda kumkimbia meneja nusu saa. Mimi nilibaki nyuma ya magunia, nikijitetea kwamba mtembezi hula miguu yake, na yangu nilikuwa naionea huruma.

Aliyenifuata huko ni Mzee Wafula, bawabu wetu, mtu wa Kamukuywa aliyefiwa na mkewe.

"Kijana, si twende tutembee pamoja?"

"Mzee wangu, niandikishie tu jina."

Naye, kwa kunipenda, akaniandikisha. Wauguzi walikuwa wageni kila mara, kwa hiyo alipimwa mara mbili, kwa jina lake halafu kwa langu. Kwenye daftari presha yangu ilikuwa nzuri ajabu.

Jumatano hiyo ninayokuambia, nilianguka kati ya magunia. Nilipozinduka, muuguzi alikuwa amenipima, presha iko juu mno, naye akilishangaa daftari. Mzee Wafula akamweleza ukweli, kofia mkononi, kisha akanigeukia.

"Ningekuzika, na mkono wangu ndio ulioandika ati uko mzima."

Nikamuuliza, yeye mwenye afya hivyo, kwenye matembezi hayo alifuata nini.

"Nyumbani hakuna wa kuniuliza nimeamkaje, bana. Nakuja ili siku nisipokuja, mtu aulize. Nilitaka huyo mtu awe wewe."

Tulitembea pamoja Jumatano chache tu. Akastaafu, akarudi Kamukuywa, halafu akamfuata mkewe. Siku hizi naizunguka nyumba jioni, kuku wakinitazama kama mgeni, na upande wangu wa kulia naacha nafasi ya mtu mmoja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi kazini kwenu wakiita watu wapimwe na kunyoosha viungo, nenda. Wengine hufuata dawa, wengine hufuata watu, na yote mawili ni afya. Peleka mwili wako, usitume jina. Mwenzako akisema twende, inuka.

Mungu akupe magoti yasiyonung'unika, mwanangu, na mtu wa kuuliza uko wapi siku usipoonekana.