Nani Anabonyeza Kengele ya Zéphirin?

Saa nane mchana, mvua inapiga Kisangani, na kengele inalia. Kriiii!

Katika kiwanda cha mafuta ya mawese, Jacques, mlinzi wa mitambo, anaruka kitini. Kengele hiyo hubonyezwa kutoka nyumba ya pompe, ile ya mashine ya kuvuta maji, kule chini kwenye mto Tshopo. Na nyumba ya pompe imefungwa kwa kufuli tangu mlinzi wake, Zéphirin, afe maji. Ufunguo uko mezani, mbele ya Jacques!

"Papa Lambert, ni yeye tena," ananong'ona. "Tulimuzika muzuri, bon, sasa anataka nini?"

"Anataka unyamaze, nipime," anajibu fundi wa nyaya aliye pembeni yake.

Kwenye karatasi za kazi fundi huyu ni citoyen Lomata, jina la amri ya serikali. Kambini kwa wafanyakazi bado ni Papa Lambert. Mwaka wa kumi na saba huu anatafuta ugonjwa wa nyaya za kiwanda, zile nyembamba zinazobeba kengele, taa na simu.

Leo anatafuta zaidi ya ugonjwa. Kambini wanasema Adèle, mjane wa Zéphirin, ni ndoki, mchawi: amemla mumewe, na sasa marehemu anaita msaada. Jirani yake Georgette amekwisha kutupa masufuria ya mjane njiani.

"Nisipoupata ugonjwa leo, kesho watamufukuza na mawe," anasema Lambert.

Shida ni kwamba kengele ikinyamaza, waya unakuwa mzima kabisa, hauna hata kikohozi. Ndiyo maana amekaa hapa tangu asubuhi, mashine ya kupima mkononi, akiisubiri ilie.

Sindano ya mashine inapanda. Inamwambia nyaya mbili zinagusana kabla ya kufika mtoni, nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Lakini haitulii! Inakwenda, inarudi. Inakwenda, inarudi. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Inapumua!" Jacques anarudi hadi ukutani. "Papa, waya iko inapumua!"

Lambert hacheki. "Na miye nilisikia baridi kwa shingo," atakiri baadaye.

Anatoka mvuani, anafuata njia ya waya uliozikwa ardhini, nyumba baada ya nyumba, mpaka uani kwa Adèle. Mjane amekaa mkekani chini ya kipande cha turubai, mgongo kwenye bomba la chuma. Analia bila sauti, akijitikisa. Anakwenda, anarudi.

Lambert anamshika bega. Adèle anatulia, mgongo unaachana na bomba.

"Imenyamaza!" Jacques anapiga kelele kutoka dirisha la kiwanda.

Bomba hilo ni la kibanda cha matanga. Mabomba mengine yameng'olewa, hili limebaki kwa sababu mjane haondoki mahali pake mpaka avue kitambaa cheusi.

"Siye wenyewe wafundi njo tulilipanda," anasema Lambert. "Tulikuwa tunalia, tunapiga nyundo. Hakuna hata mumoja aliyekumbuka waya iko chini."

Chuma kimechana ngozi ya waya. Kikiegemewa, kinaunganisha nyaya mbili, na kengele inalia.

Majirani hawaamini. Lambert anamvuta Georgette kwenye bomba: "Egemea, mama." Anaegemea. Kriiii!

"Alors, Mama Georgette, na wewe uko ndoki?"

Ua mzima unaangua kicheko. Georgette anateleza matopeni kwenda kuokota masufuria.

Adèle peke yake hacheki. "Papa, donc kila saa nililia, kengele yake njo ilikuwa inaita?"

Lambert anainama, anaanza kufukua waya.

Waya umeshonwa. Sasa anataka kupanga mawe meupe juu ya njia yake mpaka mtoni, asije mtu akapiga chuma tena. Adèle, matanga yakiisha, atarudi Isangi kwa kaka zake, kwa hiari yake.

"Aende na masufuria yake kwa kichwa, watu wakimusindikiza," anasema Lambert. "Lakini mbele ya kuenda, nitamufungulia nyumba ya pompe. Abonyeze kengele mara moja, na kidole yake mwenyewe, amuage bwana yake. Jacques amekubali kuitika."