Udongo Niliouchota Mbele ya Hosteli

Mwanangu, kabla hujafunga hilo begi, hebu keti. Nimesikia shule yenu inawapeleka Ethiopia kukaa na wanafunzi wa huko, na kwamba mtazuru makaburi ya askari. Hata mimi nilipelekwa hukohuko nikiwa na miaka kumi na sita. Nilichofanya huko hakijaacha kunisumbua, na sasa ni mama mzima hapa Kawangware.

Nyanya yangu alinilea mtaani Laini Saba, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na reli. Mumewe alichukuliwa na Wazungu akapigane vita vyao, akafia hukohuko Ethiopia. Kwetu, mtu asiyezikwa nyumbani huitwa arudi. Basi nyanya akanipa kitambaa. "Ukiona jina lake, liite kwa sauti. Mwambie twende nyumbani. Kisha uchote udongo wa hapo, tuje tuuzike nyumbani."

Asubuhi ya kuzuru makaburi kulikuwa na ukungu. Mawe ya makaburi yalijitokeza mstari baada ya mstari, mikaratusi ikinukia, nasi tukapita polepole kama watu walio usingizini. Halafu nikaliona: Ouma. Jina la babu yangu, ugenini! Nikafungua mdomo.

"Aki huyu anaongea na kaburi?" mwenzangu mmoja wa mtaa wa Ayany akacheka.

Nikaufunga mdomo. Nikainama, ati nafunga kamba za viatu, kisha nikawafuata wengine. Mjinga mimi! Jioni nikachota udongo mbele ya hosteli, kando ya barabara.

Nyanya alipoupokea aliukumbatia kifuani, akalia kwa furaha. Akaanza kujitayarisha kwenda nyumbani, kule ziwani, kumzika mumewe. Siku ya tatu, nikimwona anakunja nguo zake za safari, nilishindwa. Nikamwambia yote.

Nilingoja kofi. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Mimi nimemngoja tangu nikiwa msichana," akasema. "Wewe umeshindwa kusimama naye dakika moja?"

Akaumwaga ule udongo nje ya mlango, akaufagia. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa. Haki, ningependelea kofi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Yule aliyenicheka alikuwa amesahau kabla ya chakula cha mchana. Mimi sijasahau mpaka leo. Usikubali kuwaonea watu wako aibu kwa sababu ya wageni, wala kwa sababu ya wenzako. Ukifika pale usikimbilie kupiga picha. Soma majina, jina moja moja, hata wakikuacha nyuma. Ukimpata Ouma, simama umwite. Wakicheka, wacheke. Mwambie mkewe amezikwa nyumbani, na kando yake tumemwachia nafasi.

Nenda, mama. Mungu akutangulie, akupe sauti, awarudishe salama, wewe na yeye.