Koti Lililokataa Kuachia

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani ambaye hajawahi kushona kitu kikafumuka, na sifa hiyo nusura imwangushe. Nafanya kazi naye katika chumba kimoja chenye meza ya kukatia, kioo chenye ufa na cherehani mbili. Ya pili imefunikwa mwaka mzima. Mimi ananipa kigoda cha pembeni, vifungo na pasi. Nikisogelea mkono wa koti, huniambia, "Huo niachie mwenyewe, wifi." Namheshimu, lakini roho huniuma.

Tangu lifunguliwe duka la nguo zilizoshonwa tayari ng'ambo ya barabara, wateja walikuwa wakipita mlangoni na kutupungia tu. Hata muuguzi jirani yetu, tuliyemshonea tangu ujana wake, alipita na mfuko wa duka lile akijifanya anaongea na simu. Wifi alianza kuzungumzia kufunga.

Ndipo akaingia Kodiani. Ni mchekeshaji anayeimba, na mji mzima humwita hivyo kwa ajili ya kodiani anayoipiga huku akivunja watu mbavu. Alitaka koti la onyesho la Jumapili. Ana wimbo wa bwana mwenye majivuno. Akifika kwenye sifa za mavazi yake, anavuta kodiani kwa nguvu, na mikono ya koti inaachia mabegani na kuteremka hadi viganjani.

"Kwa hiyo mikono ishikize tu, mama," alisema. "Uzi wa kudanganyia. Na mwisho nitawatangazia watu fundi wangu ni nani."

"Na suruali?"

"Suruali ninayo. Nimenunua hapo ng'ambo."

Wifi alikunja uso, akachukua futi kumpima.

Nilimwona kwa macho yangu akishikiza mikono ile kwa mishono mirefu ya ovyo, amenuna kama aliyelazimishwa kusema uongo. Asubuhi ya kukabidhi koti alikuwa akimalizia bitana kwenye cherehani huku tukipiga soga. Tulikuwa tunamsengenya mume wangu, na tulicheka sana. Hakuna kati yetu aliyeangalia vidole vyake vinafanya nini.

Jumapili alasiri ukumbi wa mji ulifurika. Tulipewa viti vya mbele. Kodiani alipotokea, hata hajafungua kinywa, watu walishaanza kucheka. Aliimba juu ya mkwe aliyekuja kusalimia akahamia kabisa, na juu ya daktari wa meno anayekuuliza habari za nyumbani mkono wake ukiwa mdomoni mwako. Nilicheka mpaka machozi. Wifi hacheki. Amelikodolea koti macho.

"Mbona bega limekaa vizuri hivyo?" alininong'oneza.

"Si umeshona wewe?"

"Mkono wa kushikiza haukai hivyo. Lazima ufanye makunyanzi." Akanibana paja. "Wifi, nimeipitisha kwenye cherehani. Yote miwili. Nimekwisha!"

Jina lake lilikuwa linakwenda kutajwa mbele ya mji mzima, tena na mtu aliyeharibiwa onyesho.

Wimbo ukafika. Kodiani akavuta. Mikono haikutikisika. Akavuta tena, kodiani ikalia kama mbuzi, mabega yametulia tuli. Jasho likamtiririka. Safari hii akatanua miguu, akajikaza kwa nguvu zake zote, na tukasikia kitu kinachanika, krrr! Suruali. Kuanzia kiunoni kwa nyuma mpaka karibu na goti.

Ukumbi ulilipuka. Lakini mtu yule kazi yake anaijua. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye pazia, akaegemeza mgongo, akaimba hapo hapo:

"Koti la fundi navuta, nimechoka, halichoki;
suruali ya dukani, mpaka giza sitoki!"

Kisha akapaza sauti, "Fundi wangu yuko wapi? Njoo uniokoe, mama!"

Wifi, ambaye hata kwenye kikao cha familia huniachia mimi niseme, alipanda jukwaani akamfunga mtandio wake kiunoni. Kodiani akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Nisamehe, mwanangu," alisema wifi. "Nilijaribu kushona vibaya, nikashindwa."

Watu walisimama wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, wala sioni aibu kusema.

Jumatatu mlango wetu haukupitika. Muuguzi naye alikuja, safari hii simu iko mkobani. Kodiani akaja pia: alikuwa anakwenda kutumbuiza mji mwingine, alitaka koti jipya, na hili lazima liachie. Suruali nayo tumshonee sisi.

Wifi alitazama rundo la vitambaa, akaenda kuvua kifuniko cha cherehani ya pili.

"Koti la Kodiani shona wewe, wifi. La kwako litaachia lenyewe."

Nilikasirika na kufurahi kwa pamoja. Nilikaa, nikashona kutwa nzima, mikono nikaishikiza tu kama nilivyoagizwa. Angalau ndivyo nilivyodhani. Jioni wifi alikuja kulijaribu. Akaushika mkono wa koti, akavuta. Akavuta tena, akaweka mguu ukutani, akavuta. Akageuza bega ndani nje, akautazama mshono wangu.

Kisha akavuta kigoda changu cha pembeni, akakikalia.

"Lete vifungo," alisema.