Nadhiri ya Abrehet, Miguu ya Hadgu

Abrehet wa Adigrat hakuwa mwanamke mbaya, na anayesema hivyo aje anikabili mimi. Ila mdomo alikuwa nao. Aliuza unga wa shayiri ya kukaanga karibu na soko, na watu walinunua kwake kwa sababu mbili: unga wake ulikuwa safi, na kumpita bila kununua kulikuwa na adhabu yake. Nyumbani ndiye aliyeamua kila kitu. Mumewe Hadgu, fundi cherehani, mnene, mpole, alikula akiambiwa ale, alivaa koti akiambiwa kuna baridi, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kwenda juu. Akipanda kigoda kubadilisha taa, kizunguzungu kilimkamata akashuka kwa kutambaa. Kwa hiyo hata taa alibadilisha Abrehet.

Basi binti yao Rigbe akashikwa na uchungu wa kuzaa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, mtoto hatoki. Pale kwenye veranda ya hospitali akina mama walikuwa wakiweka nadhiri, kila mmoja kwa mtakatifu wake. Huyu anaahidi mwavuli wa hariri kwa Bikira Mariamu, yule kondoo kwa Malaika Mikaeli. Abrehet akaona hayo ni mambo madogo. Mwana wa pekee, amwombee kwa mwavuli? Akainua mikono, akapaza sauti, veranda nzima ikasikia: "Abune Aregawi, baba yangu! Mvushe mwanangu salama, naye Hadgu atapanda Damo kwa kamba aje akubusu mlango!"

Hajafunga mdomo, kitoto kikalia ndani. Msichana.

Hadgu wakati huo alikuwa nje ananunua chai. Alirudi na vikombe viwili, akakuta watu wanampa hongera ya mjukuu na pole ya safari.

"Safari gani?"

"Debre Damo," Abrehet akasema, macho kayapeleka kwingine.

Chai ikamwagika. Maana Damo haina njia, jamani. Ile nyumba ya watawa iko juu ya jabali lililokatika pande zote, na wa kupanda hupanda kwa kamba ya ngozi: unafungwa kiunoni, watawa wanavuta kutoka juu, na wewe unakanyaga ukuta na kumkumbuka Mungu wako.

"Mama Rigbe," Hadgu akasema, "nadhiri umeweka wewe, miguu ni yangu?"

"Sasa mimi ningepandaje? Kule hakupandi mwanamke. Hata kuku jike haruhusiwi."

"Basi si ungeahidi jogoo!"

Kusema kweli jogoo angetosha. Lakini neno likishatoka halirudi, wakalipeleka kwa Keshi Berhe, kasisi wao, baba yao wa roho. Keshi aliwasikiliza akiwa na kopo lake la pombe ya nyumbani, bila haraka.

"Nadhiri humfunga aliyeitamka," Hadgu akawahi kusema.

"Ni kweli."

"Basi mimi simo."

"Umo. Ndoa imewafanya mwili mmoja."

"Kama ni mwili mmoja, na yeye apande!"

"Nusu hiyo hairuhusiwi," Keshi akajibu, akasogeza kopo aongezewe.

Hadgu akawa mkaidi kwa mara ya kwanza maishani. Mara mgongo, mara goti, mara nguo za watu hazijaisha. Ubatizo wa mtoto ukawa unakaribia, maana msichana hubatizwa siku ya themanini, na mtaa mzima ukakata shauri kwamba nadhiri isipotimizwa kabla ya maji ya ubatizo, mtakatifu atakasirika. Kisha mtoto akaanza kukohoa. Muuguzi alisema ni moshi wa shayiri inayokaangwa pale nyumbani, lakini nani amsikilize muuguzi? Kila kikohozi kilimchoma Abrehet moyoni. Aliogopa. Alimwogopea mtoto, akauogopa na mdomo wake mwenyewe, akaanza kupunguza hata kuwatukana wateja, biashara ikazorota. Siku moja Hadgu alikuwa cherehanini, mjukuu kalala mapajani, akakohoa kikohozi kirefu mpaka akabadilika rangi. Hadgu akaacha kukanyaga pedali.

"Haya," akasema. "Panga safari."

Loo, na Abrehet akapanga! Waende na kurudi siku moja, alfajiri mpaka usiku, kwa gari la jirani yao Negasi, ambalo kesho yake lilikuwa na harusi. Jumatano hapana, Ijumaa hapana, ni siku za kufunga na Hadgu akiwa na njaa huzimia. Ndipo likazuka suala la uzito.

"Ukimlisha, watawa watapata ngiri," Negasi akasema. "Ukimnyima, watavuta maiti."

"Ale nusu," Abrehet akaamua.

Keshi Berhe akalikata: anayekwenda kubusu mlango wa mtakatifu huenda na tumbo tupu. Chakula kitabebwa, madonge ya shayiri na mchuzi wake wa nyama, kiliwe akishashuka.

"Na nikianguka?" Hadgu akauliza.

"Tutakila msibani," Negasi akamtuliza.

Yakabaki mazoezi. Uani kwa Negasi kuna mkuyu wenye tawi nene. Wakapitisha kamba ya ng'ombe juu ya tawi, ncha moja kiunoni kwa Hadgu, ncha ya pili Negasi akajizungushia tumboni apate nguvu. Majirani wakajaa na viti vyao. Hadgu akainuliwa kidogo, nyayo zikaachana na ardhi, akapiga ukelele akajikunyata. Akashuka yeye, akapaa Negasi. Akapaa mpaka kwenye tawi, akabaki ananing'inia, kiatu kimoja chini, huku Hadgu ameketi mavumbini kajishikilia mizizi.

"Simama, Hadgu, unishushe!"

"Siwezi! Nasikia kizunguzungu!"

"Kizunguzungu cha kukaa chini?"

Walipomtoa, Negasi alisema hata lile joka lililompandisha Abune Aregawi jabalini zamani lingemtazama Hadgu likaomba msaidizi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Abrehet hakucheka. Alikuwa anaitazama ile kamba.

Siku ikafika. Walipofika chini ya jabali jua lilikuwa limeshapanda. Abrehet akasimama pale wanaposimama wanawake, akaona watawa wakiteremsha kamba, ya kushika mkononi na ya kufunga kiunoni. Negasi akapanda kwanza, shwari. Kisha Hadgu. Alikuwa amefumba macho kabla hajaguswa na kamba. Watawa wakavuta, naye akaenda juu kama gunia, mara akigonga jabali kwa bega, mara akizunguka akatazama wanawake bila kuwaona. Katikati kamba ikasimama. Juu wanapumzika. Hadgu ananing'inia, midomo inacheza.

Hapo ndipo Abrehet alipoliona kosa lake. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila wake ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake, ambaye kosa lake lilikuwa kwenda kununua chai. Akaketi juu ya jiwe, akajisemea: akifika salama simwamuru tena. Hata koti, avae apendavyo.

Kamba ikaanza kwenda. Mikono ikamdaka Hadgu kwenye kilango cha juu ya jabali, ikamvuta ndani, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Simu ikalia; Rigbe, kutoka nyumbani: mtoto hajakohoa tangu asubuhi. Abrehet akabusu ardhi, akalia, akafungua kikapu cha chakula, akangoja.

Akangoja sana. Mahujaji wengine wakashuka, kisha wakaacha kushuka. Jua likageuka. Mwishowe Negasi akateremka, viganja vimechubuka.

"Mwenzako kasali vizuri, kabusu mlango, kapewa mkate na watawa. Tumefika kilangoni, katazama chini, akaketi. Anasema hashuki."

"Mpaka lini?"

"Hajataja mwaka. Mimi wameniteremsha pembeni yake, wengine hawathubutu kumruka. Kuna mzee kadhani ni mtawa mkubwa wa pangoni, kambusu goti, kaomba baraka."

"Na yeye?"

"Kambariki. Angefanyaje?"

Kutoka chini lilionekana goti moja tu, na watu wakilifikia kwa zamu.

"Mwite, mama Rigbe. Gari lina harusi."

"Simwiti."

"Husemi kweli."

"Negasi, mdomo huu ndio uliompeleka kule. Niliongea, mtu akaning'inia hewani. Nimekoma." Machozi yakamshuka. "Akitaka kukaa, na akae. Ni haki yake."

Negasi alimtazama huyu mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa ikimwamsha yeye, nyumba ya tatu kutoka kwake, kila asubuhi ya Mungu.

"Dada yangu, yeye ananiuliza mimi mbona uko kimya. Anasema maisha yote hajashuka hata kitandani bila kuambiwa. Yuko pale anakungoja wewe."

Abrehet akainuka. Akajifunga shuka kiunoni, akasogea mpaka mwisho wa pale mwanamke anaporuhusiwa, akavuta pumzi.

"Wee Hadgu!"

Goti likashtuka.

"Unakaa huko unabusiwa na wazee wa watu, chakula kimepoa, huna hata haya! Simama! Geuka, uso ukutani! Shika kamba! Nani kakwambia utazame chini? Mguu wa kulia!"

Mguu wa kulia ukatokea. Ukapapasa, ukapata pa kukanyaga.

"Wa kushoto sasa! Si huo, huo ni uleule!"

Watawa wakawa wanateremsha kamba kidogo kidogo. Na jambo la ajabu, Abrehet akinyamaza kupumua, mguu ulisimama hewani, ukangoja. Kwa hiyo hakuweza kunyamaza. Maelekezo yakamwishia nusu ya njia, akaingia kwenye makosa ya zamani: suruali ya afisa aliyoishona miguu isiyolingana, mbuzi aliyemwacha afungue mlango, siku ya harusi yao alipofika amechelewa na viatu vya kaka yake. Hadgu akashuka juu ya suruali, akashuka juu ya mbuzi, na kwenye viatu vya kaka yake nyayo zikagusa ardhi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walikuwa wameduwaa.

Alisimama mbele yake, kipaji cha uso kimechubuka, vumbi la jabali mpaka kwenye nyusi.

"Mbona umechelewa kuniita?" akauliza. "Nilidhani umeniacha."

Abrehet akafungua mdomo amjibu. Sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka yote, akabaki anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, mikono inampangusa vumbi kifuani. Hadgu akangoja aambiwe la kufanya. Akangoja. Akamtazama Negasi, akalitazama gari, akamtazama tena mkewe. Kisha akaokota kikapu, akamshika mkono.

"Haya, mama Rigbe," akasema, pole pole, "twende nyumbani."